Ushauri: Biti yangu ya neo soul inatoka kama Bongo Fleva ya polepole

Fundi wa Tempo:
Habari za humu wakuu. Naandaa nyimbo nne za neo soul (soul ya kisasa yenye ladha ya jazi na hip hop) kwa Kiswahili, mwimbaji ni dada mwenye sauti ya alto. Vifaa: laptopu yenye FL Studio, kinanda cha MIDI cha funguo 49, saundi kadi na maikrofoni moja ya kondensa. Tempo ni 84. Kila nikimaliza, ninachosikia ni Bongo Fleva iliyopunguzwa mwendo. Ule mlegeo wa ngoma siupati. Naomba msaada wa ngoma, kodi za kinanda (noti kadhaa zinazobonyezwa pamoja) na kurekodi sauti. Halafu hapa Dar muziki huu unapelekwa wapi?

Besi Nyuma:
Mkuu, tatizo ni gridi, ile mistari ya mapigo kwenye programu. Kwa tempo 84 pigo moja lina kama milisekunde 714. Acha kiki (ngoma kubwa ya chini) palepale kwenye gridi, vuta sneya (ngoma kali ya kati) nyuma, yaani ichelewe milisekunde 15 hadi 25, besi ije nyuma ya kiki kwa milisekunde 10. Hai-hati (visahani) ipe swingi, yaani kuchelewesha kidogo kila pigo la pili, ya asilimia 55 hadi 58, isizidi. Wengi wanachemka kwa kuchelewesha vyote kwa kiasi kilekile. Hapo hakuna kilicholegea, wimbo umechelewa kuanza basi. Lazima kimoja kisimame imara ndipo kingine kisikike kinajivuta. Na ukiivuta sneya mpaka 40, watu watasema mpiga ngoma kalewa.

Vaa hedifoni usikilize albamu ya Voodoo ya D'Angelo, ya mwaka 2000. Fuata besi ya Pino Palladino peke yake, kisha rudia ufuate ngoma za Questlove. Mlegeo ule una mkono wa prodyuza J Dilla, aliyekuwa akigonga ngoma kwenye mashine kwa vidole bila kuzinyoosha.

Hedifoni za Bluetooth weka kando wakati wa kupiga. Nyingi zinachelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, utajikuta unapambana na kifaa. Tumia za waya, bafa (akiba ya sauti kwenye mipangilio ya saundi kadi) iwe sampuli 128.

Sopa wa Kwaya:
Kwenye kodi, acha kubonyeza mzizi (noti inayoipa kodi jina) kwa mkono wa kushoto. Mzizi ni kazi ya besi. Mfano kwenye C: kwa Dm9 bonyeza F A C E tu. Shusha C iwe B, unapata F A B E, tayari ni G13. Kisha E G B D, ndiyo Cmaj9. Vidole havirukiruki, na huko kuteleza ndiko kunakoleta ladha. Ukibeba zile kodi tatu za sebene ukazipunguza mwendo, utapata hicho unacholalamikia. Tumia sauti ya Rhodes (piano ya umeme), tremolo kidogo, yaani sauti ipande na kushuka kwa mawimbi.

Mama Mixa:
Sauti: mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni. Godoro liwe nyuma ya mwimbaji. Wengi wanaliweka nyuma ya maikrofoni, wakati kondensa nyingi husikia upande wa mbele, na mwangwi unaoingia ni ule unaotoka ukutani nyuma ya mwimbaji. Zima feni na friji. Kama nyumba haina dari rekodi usiku, maana bati likipata jua linalia. Kilele cha sauti kisipite desibeli -6.

Viitikio vitatu, kila kimoja mara mbili, tandaza kushoto na kulia, kisha vishushe mpaka vikaribie kupotea.

Kingine: Kiswahili kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye "mapenzi" dada avutie "pe". Akianza kuzungusha sauti kwenye "nzi", neno linavunjika na msikilizaji anapotea.

Fundi wa Tempo:
Sneya nimeiweka 20, imekaa! Ila kinanda kikiingia, besi inanguruma.

Mama Mixa:
Kata kinanda chini ya hezi 150, na mkono wa kulia upande uanzie karibu na C ya kati. Ikibaki, punguza noti za besi. Palladino anaacha nafasi nyingi kuliko unavyodhani.

Mzee wa Upanga:
Kuhusu pa kuupeleka. Baa nyingi zinataka nyimbo za kukopi, hapo utachoka bure. Andikia Nafasi Art Space, Mikocheni, na Alliance Française, Upanga. Tuma video ya nyimbo mbili zilizopigwa laivu bila kukatwa, na karatasi ya chaneli za mixa: ngoma, besi, kinanda, sauti mbili. Bendi ya watu wanne inatosha. Ya watu saba inakula malipo yote. Sajili kazi COSOTA (ofisi ya hakimiliki), nawe mwenyewe BASATA (baraza la sanaa). Spotify inataka wimbo uombewe nafasi kwenye orodha zake za nyimbo (playlist) angalau siku 7 kabla haujatoka, kwa hiyo mpe msambazaji, anayepandisha nyimbo mitandaoni, wiki nne.

Besi Nyuma:
Naongezea wa kusikiliza. Wengi humu wanaanza na Erykah Badu wa 1997 na wanaishia hapohapo. Msikilize Cleo Sol wa Uingereza kwa jinsi anavyoimba chini chini, Hiatus Kaiyote wa Australia kwa ngoma (usiwaige mwanzoni, watakupoteza), na Xenia Manasseh wa Kenya. Nyumbani wapo Grace Matata na Damian Soul. Hao wawili dada yako awasikilize kabla ya wote.

Fundi wa Tempo:
Nimepata pa kuanzia. Kesho naweka sampuli ya dakika moja hapa, mje muikosoe.