Wauza frampeni, acheni kutuuzia bati mkisema ni chuma!

Wakuu, huu wizi wa mchana kweupe umezidi. Mtu anaingia dukani anataka frampeni ya chuma, apikie nyumbani na akienda kambini aitupie juu ya kuni. Anauliza unene, muuzaji anamjibu "hii ni namba 28". Hiyo 28 ni upana wa mdomo, na macho tunayo. Tumeuliza UNENE!

Kwenye chuma unene ndio kila kitu. Frampeni ya sentimita 28 iliyokatwa kwenye bamba la milimita 2.5 inakaribia kilo 2 pamoja na mpini. Ya milimita 1 haifiki hata kilo moja. Basi beba mzani mdogo wa jikoni, au omba wa duka la nafaka la jirani. Muuzaji akinuna, umeshapata jibu.

Hiyo nyembamba ukiiweka kwenye mkaa uliokolea, katikati inapata moto na kutanuka wakati kingo bado za baridi. Kitako kinabinuka, na kikishabinuka hakirudi. Mafuta yanakimbilia pembeni, yai linaungua katikati, na kwenye jiko la gesi inayumba ukiigusa. Ukiimwagia maji baridi ikiwa ya moto ndiyo umeimaliza. Kabla hujalipa, igeuze, laza rula juu ya kitako. Kikibonyea ndani kidogo sana si neno. Kikiwa na kitumbo kwa nje, rudisha.

Halafu kuna mchezo wa sumaku. "Si unaona inanasa, chuma hicho!" Jamani, sumaku inanasa hata kwenye bati la paa. Inachokwambia ni kwamba si alumini, basi. Haikwambii unene wala kilichopakwa juu yake. Nyingi ni bati lenye utando mweusi wa kuzuia chakula kisigande, na utando huo unaanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi. Frampeni tupu juu ya makaa mekundu inafika huko haraka sana. Ya namna hiyo kambini unaipeleka kufanya nini?

Mpini nao! Plastiki na skrubu moja. Kwenye kuni inayeyuka siku ya kwanza. Tafuta mpini wa chuma uliopigwa ribiti, mbili au tatu. Shika mpini, kandamiza ukingo wa mbele kwenye meza: ikilia au kucheza, iache hapo hapo.

Stenlesi ya bamba moja jembamba sitaizungumzia sana. Haisambazi joto, inaunguza duara la katikati. Kama unaitaka, iwe na tabaka nene la alumini kwenye kitako.

Kuliko kuibiwa dukani, bora uende kwa mafundi wa chuma wa Gerezani (Dar) au Kamukunji (Nairobi) ukatengenezewe. Agiza bamba jeusi geji 14 (kama milimita 2) kwa ya kubeba, geji 12, ambayo ni nene zaidi, kwa ya nyumbani. Simama uone bamba lenyewe. Lenye zinki KATAA, likichomwa linatoa moshi wenye sumu. Pipa lililokatwa pia kataa, hujui lilibeba dawa gani.

Nyongeza, maana wengi mmeuliza kuhusu kuichoma mara ya kwanza, yaani kuipaka mafuta na kuipasha mpaka yagande kuwa weusi juu ya chuma. Mpya huja na nta au mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo isugue kwa maji ya moto, sabuni na waya mpaka chuma kionekane, kisha ikaushe jikoni. Paka kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti ndani na nje, halafu yafute yote kwa kitambaa kikavu, isibaki hata inang'aa. Hapa ndipo watu wanapokosea: mafuta yakiachwa mengi yananata kama gundi. Weka moto wa wastani hadi itoe moshi na moshi ukatike, iache ipoe, rudia mara tatu au nne.

Nyanya, ndimu na ukwaju vinakula huo weusi wa mafuta, hivyo rosti pikia sufuria. Mchuzi usilale humo. Na ikipata kutu msiitupe: sugua, kausha, choma upya. Aliyekwambia ununue nyingine ni yule yule muuzaji.