Pikipiki ya cc 150 kwa mtu mfupi: mikono yafa ganzi, miguu haifiki chini

Binti_Mtongwe

Assalam aleikum wadau. Naomba msaada wa kuipanga pikipiki imkae mwenyewe. Ni cc 150 ya kawaida, shoki mbili nyuma, breki za drami mbele na nyuma, gia ya kukanyaga kwa kidole na kisigino. Urefu wangu sentimita 160, uzani kilo 58.

Nikisimama nafika chini kwa ncha za vidole tu. Pale Likoni kwenye bati la kupandia feri, likiwa limelowa, kusimama na kuondoka tena ni kazi. Halafu kiti chanitelezesha mpaka tangini, na kabla sijafika Mtwapa vidole viwili vya mwisho vishakufa ganzi na kifundo cha mkono wa kushoto chauma. Fundi mmoja ataka kukata springi za shoki, mwingine asema nifunge usukani wa juu. Nianzie wapi? Mara nyingi niko peke yangu, abiria ni mara moja moja.

Fundi_Makupa

Wa aleikum salaam dada. Springi zisikatwe kabisa. Springi iliyokatwa haiwi laini, inakuwa ngumu zaidi kwa sababu mizunguko imepungua. Na shoki ikinyooka, springi inabaki ikicheza kwenye kikombe chake. Ukiingia shimo, tairi inagonga madgadi.

Usukani wa juu nao uache kwanza. Ganzi ya vidole viwili vya mwisho yaja pale uzito wa mwili unapoegemea kiganja, na uzito umeenda huko kwa kuwa kiti chakusukuma mbele. Kwa hivyo anza na shoki, kisha kiti, kisha miguu, halafu usukani, na mikono ya klachi na breki iwe mwisho. Ukibadilisha kiti, vipimo vya usukani vyote vinahama, ndiyo maana wanaoanza na usukani hurudia kazi.

Shoki: weka dabo stendi, tairi ya nyuma ininginie. Pima kutoka kwenye nati ya ekseli kwenda juu wima mpaka alama uliyoitia kwenye mkia. Ishushe, kaa ukiwa na viatu na helmeti, miguu juu ya vikanyagio, mtu akushikilie mbele na mwingine apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu kupanda na kushuka, yaani kama mwendo ni milimita 100, ishuke kama 30. Kwa kilo 58 huenda isifike hata 20, kwa sababu pikipiki hizi hupangwa zibebe mzigo. Zungusha ile pete yenye ngazi chini ya springi mpaka ngazi laini kabisa. Kushoto na kulia ziwe ngazi ile ile, la sivyo shoki moja yabeba uzito kuliko mwenzake. Siku ya abiria panda ngazi mbili au tatu, usisahau hilo.

Kiti: watu hukimbilia kupunguza kimo, na kwa mtu mfupi upana wa mbele ndio unaomuumiza zaidi. Sponji ikiwa pana pale mapaja yanapopita, mguu unazunguka kiti kabla ya kushuka. Mwambie fundi wa viti achonge kingo mbili za mbele kwanza, kisha atoe milimita 20 hadi 25 pale unapokalia, na sehemu hiyo iwe sawa, isiinamie tangi. Kuteleza kutaisha hapo hapo. Sponji isipungue milimita 40 juu ya bati, ama mifupa itagusa chini. Ikibidi kujazia, itumike ile sponji ngumu iliyobanwa, si ya godoro. Na kabla ya kifuniko ilazwe karatasi ya nailoni, maana mvua ya masika huingia kwenye tundu za mshono na kiti kikawa chakamuka maji wiki nzima.

Spana_Kumi

Fundi amesema kweli. Mimi naongeza upande wa miguu na mikono.

Gia: ukikaa umestarehe na unyayo uko juu ya kikanyagio, kidole gumba kiingie chini ya mkono wa gia bila kuinua mguu. Kama hakiingii, tia nukta ya rangi kwenye shafti na kwenye mkono wa gia, toa bolti namba 10 yote (mara nyingi imepita kwenye mfereji wa shafti, ukiilegeza tu haitoki), vuta, sogeza jino moja, rudisha. Jino moja tu. Kwa gia ya kisigino, ukiinua mbele nyuma yashuka, kwa hivyo hakikisha haigusi kikanyagio ukikanyaga mpaka mwisho. Paka grisi kidogo kwenye meno. Hewa yetu ya bahari hugandisha chuma, na mara ya pili utahitaji nyundo.

Breki ya nyuma: baadhi zina bolti ya kuzuilia yenye nati ya kufungia, hiyo ndiyo inayopandisha au kushusha pedali. Ukiigusa, lazima urudi kwenye nati ya mwisho wa fimbo ya breki upate mchezo (mwendo mtupu kabla breki haijashika) wa milimita 20 hadi 30 kwenye pedali, kisha swichi ya taa ya breki, iwake kabla tu viatu vya drami havijashika. Inua tairi uizungushe kwa mkono. Ikisita, breki inashika muda wote na drami itachemka.

Usukani: legeza bolti nne za vibano, uzungushe kuelekea kwako kidogo kidogo, kwanza utie alama mahali ulipokuwa. Viwiko vibaki vimekunjwa kidogo. Ukizidisha, vishikio vyashuka na vifundo vyapinda upya. Kibano kikiwa na nukta au mshale, huelekea mbele, na bolti za mbele hukazwa kwanza. Visivyo na alama, acha uwazi sawa mbele na nyuma. Kisha injini ikiwa sailensi (inanguruma polepole bila kuvuta mafuta), pinda usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Mngurumo ukipanda, waya ya mafuta imevutwa. Huu ndio ubaya wa usukani wa juu bila waya ndefu: unakata kona na pikipiki yajiongezea moto yenyewe.

Kile kifundo cha kushoto ni mkono wa klachi uliosimama juu sana. Nyoosha vidole juu yake ukiwa umekaa: kigasha, kifundo na vidole viwe mstari mmoja. Mchezo kwenye ncha uwe milimita 10 hadi 20, na waya itiwe oili, kwani klachi nzito nayo huumiza. Bolti ya kibano chake isikazwe mpaka mwisho, ili ukianguka mkono huo wa klachi uzunguke badala ya kuvunjika.

Binti_Mtongwe

Shukrani sana. Je, nikishusha na mbele kwa kupandisha foki (zile shoki mbili za mbele) kwenye vibano vyake? Bado nataka sentimita moja.

Fundi_Makupa

Milimita 10 yatosha, pande zote mbili zilingane kwa rula, na uhakikishe foki ikibonyea yote madgadi haigusi juu. Nyuma ikishuka peke yake, mbele yawa nyepesi na taa yawapiga wa mbele machoni. Mbele ikishuka kupita kiasi, usukani huwa mwepesi mno na pikipiki hutapatapa kwenye mwendo wa barabara ya Malindi. Taa uipange upya kwa vyovyote. Stendi ya pembeni itakuwa ndefu, pikipiki isimame karibu wima, na upepo au mtoto anaweza kuiangusha. Mpe mtu wa kuchomelea apunguze kidogo kidogo.

Na kabla ya hiyo sentimita, tazama viatu. Soli ngumu ya milimita 25 yakupa zaidi ya foki. Penye bati la feri usitafute miguu miwili: teleza nyonga kushoto, unyayo wa kushoto mzima chini, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Barabarani pia ni hivyo, ila ukiwa ukingoni ardhi imeinamia kushoto na mguu wafuata mbali zaidi, basi simama karibu na katikati ya leni.

Bolti zote ulizogusa zipitiwe tena kwa spana baada ya siku ya kwanza ya kazi, vibano vya usukani vikiwa vya kwanza.