Ushauri: nihakiki vipi filamu huru za wapenzi wa jinsia moja katika tamasha la Berlin?

MwanaPazia: Ndugu wanajukwaa, Februari nitakuwa Berlin kuandikia jarida dogo la Kiswahili, na mhariri amenikabidhi filamu huru zinazowania tuzo ya Teddy, yaani zile zinazosimulia maisha ya wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia. Nyingi ni za bajeti ndogo, na baadhi zinatoka katika nchi ambako haziruhusiwi kuonyeshwa. Nikiisifu filamu kwa ujasiri wa walioitengeneza tu, nitakuwa nimemlaghai msomaji. Nikikosoa uigizaji uliopwaya, nahofia kuwapa silaha wanaotaka ifungiwe. Nishike njia ipi?

Kipwani: Dada, ikosoe bila hofu, kwa sababu bodi za filamu hazisubiri wahakiki. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, filamu ya Kenya kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku nchini humo Aprili 2018, kabla hata haijaonyeshwa katika tamasha la Cannes mwezi Mei, na mwongozaji mwenyewe alieleza kwamba alitakiwa kubadilisha mwisho wake kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Hakuna aliyelalamikia taa wala sauti. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliporuhusu ionyeshwe kwa siku saba, watu walijaa kumbini Nairobi, na hao walistahili kuambiwa kama filamu ni nzuri au la. Kusifia kwa huruma ni dharau iliyovaa adabu.

Bi Mkubwa wa Sinema: Nakubaliana na Kipwani kuhusu filamu za kubuni peke yake. *I Am Samuel* ya Peter Murimi, iliyofungiwa Kenya Septemba 2021, ni ya maisha halisi, na wazazi unaowaona humo ni wazazi kweli. Baada ya onyesho mwongozaji husimama kujibu maswali, na hapo hutajwa mambo ambayo filamu yenyewe iliyaficha makusudi: kijiji, kazi, mahali mhusika alikohamia. Mwandishi wa Kijerumani akiyachapisha, huenda yasivuke Ulaya. Wewe unaandika kwa lugha inayosomwa na majirani wa mhusika. Usiongeze neno ambalo filamu haikulisema. Kumbuka pia kwamba *Stories of Our Lives*, filamu nyingine ya Kenya, ilipofika katika tamasha la Toronto mwaka 2014, waliotengeneza walikuwa wameficha majina yao mwanzoni, na aliyeijadili kazi yao vizuri hakuyahitaji.

MwanaPazia: Shukrani, Bi Mkubwa. Na picha je?

Bi Mkubwa wa Sinema: Tumia zilizotolewa na wasambazaji kwa ajili ya waandishi, usiwapige picha watazamaji ukumbini, na uheshimu zuio la kuchapisha kabla ya onyesho la kwanza.

Kipwani: Niongeze moja kuhusu ufundi: ukikuta sauti mbovu, omba kuitazama tena katika ukumbi mwingine kabla ya kumlaumu fundi sauti, maana wakati mwingine tatizo ni spika za ukumbi.