Stika za anwani zinahama nikichapa

Wakuu, nachapa anwani za wanachama wa SACCOS yetu kwa Word, karatasi ya A4 yenye stika 21. Safu ya juu inakaa vizuri, ila ya saba S.L.P. inakatwa katikati. Printa ndiyo mbovu?

— Printa haina kosa, mkuu. Unapochapa weka ukubwa 100%, na chagua A4, siyo Letter ya Wamarekani, yenyewe ni fupi. Jaribu kwanza kwa karatasi ya kawaida, ipachike juu ya stika, inua kwenye mwanga uone.

— Kama majina unayavuta kutoka Excel, ukishapanga stika ya kwanza bonyeza Update Labels kwenye menyu ya Mailings ya Word ili mpangilio uende kwenye stika zote, la sivyo itajaa stika ya kwanza tu.

— Na karatasi iliyobanduliwa stika usiirudishe kwenye printa ya leza. Gundi ikinasa mle ndani, utamtafuta fundi.