Maharage ya nazi: sufuria ya umeme, tui la kopo na chumvi

Kutoka London:
Wapendwa, naomba msaada. Maharage mekundu yanakaa usiku kucha kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, pamoja na nyanya, na bado yanatoka magumu. Tui la kopo nalo linakatika. Mafuta na chumvi vinatakiwa kupungua, lakini ladha ya nyumbani ibaki.

Kutoka Minneapolis:
Dada, tuanze na usalama. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Sufuria ile mara nyingi haifiki hapo, na joto la nyuzi 80 za Selsiasi linaweza hata kuizidisha sumu. Punje nne au tano tu zinaweza kumtapisha mtu mzima. Loweka gramu 250 usiku kucha, mwaga maji, weka mapya, yatokote jikoni dakika 30. Ndipo uyahamishie huko kwenye umeme. Ya kopo yameshaiva. Yasuuze tu, chumvi nyingi itaondoka na maji yake.

Ugumu unatokana na nyanya. Ukali wake huzuia ganda kulainika, kwa hiyo ziingie maharage yakishabonyea kwa vidole. Maji ya London nayo yana chokaa nyingi. Tumia ya jagi la chujio. Magadi yaache: yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu.

Kutoka Toronto:
Kuhusu tui: usitikise kopo! Lisimamishe kwenye friji usiku kucha. Juu utakuta kasimile, yaani tui zito la kwanza, imeganda, chini tui jepesi, kama vile umekuna na kukamua mwenyewe. Soma lebo kwanza, chagua lenye nazi na maji tu. Yenye gundi ya guar, kiungo cha kuzitisha tui, hayajitengi vizuri. Lile linaloandikwa la mafuta kidogo kwa kawaida ni tui lililozimuliwa, basi nunua zito uzimue mwenyewe.

Mafuta ya chupa hayahitajiki. Kijiko kimoja cha kasimile kiyeyuke mpaka kitoe mafuta, kaangia kitunguu, kitunguu saumu na bizari. Tia nyanya, zirojeke, kisha maharage, karoti, hoho, tui jepesi na kikombe cha maji. Yakishaungana, punguza moto, ongeza vijiko vitatu vya kasimile, koroga taratibu bila kufunika. Dakika tano zinatosha. Likitokota kwa nguvu ndipo linapokatika, na ndimu ikitiwa sufuria ingali motoni ni hivyo hivyo. Kamulia baada ya kuepua. Ndimu hiyo ndiyo inayokuwezesha kutia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa sufuria nzima. Kasimile iliyobaki igandishe kwenye trei ya barafu.

Kutoka Minneapolis:
Nyongeza: mwenye presha kuka aitumie, ila asijaze kupita nusu. Povu la maharage huziba tundu la mvuke.