Naomba ushauri: nimepata nafasi ya kusoma Ujerumani na mwanangu ana miezi 11

Binti wa Kitangari:

Ndugu wanajamvi, asalaam aleikum, na kwa wengine Bwana asifiwe. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, afisa ugani katika halmashauri mojawapo ya mkoa wetu wa Mtwara, mke wa mtu na mama wa binti mmoja ambaye sasa ana miezi 11. Mume wangu anafanya kazi Lindi mjini na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Baada ya kuomba mara tatu bila mafanikio, mwaka huu nimepata ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, wa kusomea shahada ya uzamili nchini Ujerumani kwa miaka 2, na masomo yanaanza mwezi wa 10. Nakwenda kusomea magonjwa ya mimea, kwa sababu nimekua nikiona ubwiri unga ukiunguza maua ya mikorosho ya mama yangu, na miaka ambayo maua yaliungua ndiyo miaka ambayo ada yetu ya shule ilichelewa.

Nimepanga kumwacha mtoto kwa mama yangu Newala, na kwa hiyo ninamwachisha ziwa mapema ili azoee. Juzi nilianza kupaka shubiri. Anailamba, anakunja uso, ananitazama kama anayeuliza jambo, kisha anarudi kunyonya huku analia. Jana, tulipotoka kliniki kuchoma sindano ya surua, alilia hadi sauti ikakauka, nami nikalia pamoja naye.

Ninaomba mnieleze njia ya kumwachisha bila kumtesa, na kama yupo mama aliyewahi kumwacha mtoto wa umri huu kwa muda mrefu, aniambie ilikuwaje. Sisemi kwamba sijaamua. Ninatafuta namna ya kulifanya jambo hili vizuri.

Mzee wa Mikindani:

Mwanangu, hongera kwa nafasi hiyo, maana si kila mtu huipata. Hata hivyo, katika Sura ya al-Baqara, aya ya 233, kina mama wametajiwa miaka 2 kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kukamilisha, na hata Shirika la Afya Duniani linasema mtoto aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, sambamba na vyakula vingine. Elimu ya dini na elimu ya hospitali zinapokutana mahali pamoja, mtu mwenye busara husimama na kusikiliza. Wewe umeshapaka shubiri kabla ya kuuliza. Mimi ningekushauri usubiri, kwa sababu vyuo vipo tangu enzi za babu zetu na vitaendelea kuwapo, lakini mwaka huu wa mtoto haurudi.

Msafiri wa Kusini:

Dada yangu, mimi nilikwenda Uingereza kwa mwaka mmoja tu nikamwacha binti yangu Masasi akiwa na mwaka na nusu. Nilijiona shujaa, kwa kuwa nilikuwa napiga simu ya video kila Jumapili. Siku niliyorudi nilifika nyumbani jioni, nimebeba mdoli mkubwa, na mtoto akakimbilia nyuma ya mlango. Alikuwa anamwita babu yake "baba", na mimi akaniita "mjomba wa kwenye simu". Ilichukua karibu miezi minne hadi akubali nimuogeshe.

Nataja haya kwa sababu watu hueleza habari za ada na baridi, lakini hawaelezi habari za mlango ule. Afadhali wewe unakwenda Ujerumani, kwa sababu Uingereza tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa madarasani hawaruhusiwi tena kufuatana na wenzi na watoto, isipokuwa wale wa utafiti na wanaogharimiwa na serikali.

Mama Mapacha wa Ruangwa:

Msafiri amenikumbusha jambo ambalo mwenye uzi hajaligusa kabisa. Mdogo wangu, kwa nini humchukui mtoto? Ujerumani, tangu Agosti 2013, mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata nafasi ya malezi ya mchana, ijapokuwa katika miji mingi nafasi ni za kugombea na inakupasa kuomba mapema sana. Vilevile DAAD, kwa masharti yao, huweza kutoa posho kwa ajili ya familia inayofuatana na mwanafunzi. Mtoto wako atakuwa amefikisha mwaka kabla ya masomo kuanza. Mimi nililea pacha wawili peke yangu wakati mume wangu yuko migodini, kwa hiyo siogopi kusema kwamba mtoto mmoja na vitabu vinawezekana.

Binti wa Kitangari:

Ahsanteni nyote. Mama Mapacha, nimelifikiria hilo na nimeona halifai. Mume wangu hawezi kuacha kazi ili atufuate, baridi ya kule ni kali, na mama yangu ameshalea wajukuu saba bila hata mmoja kupata tatizo. Zaidi ya hayo, mtoto wangu bado anahitaji mtu wa kumshika muda wote, na kule hakuna mtu atakayemshika nikiwa darasani. Naomba turudi kwenye swali la kumwachisha ziwa.

Muuguzi wa Zamu:

Dada, mimi ni muuguzi, na katika uzi mzima sentensi iliyonisimamisha ni hiyo ya kwamba mtoto wa miezi 11 anahitaji kushikwa muda wote. Naomba unijibu kwa utulivu, kwa sababu siulizi ili kukusuta. Je, ukimweka juu ya mkeka anakaa mwenyewe bila kuegemea kitu? Anatambaa au anajivuta kwa namna yoyote? Mikono yake hufunguka akitaka kushika kitu, au hukunja ngumi? Na siku alipozaliwa, alilia palepale?

Kijana wa Nachingwea:

Mpelekeni tu kwa bibi Newala akale ming'oko. Kabla korosho hazijaanza kuanguka atakuwa anawafukuza kuku uwanjani!

Binti wa Kitangari:

Nimesita kujibu tangu asubuhi. Hakai mwenyewe bado. Nikimzungushia mito hukaa vizuri tu, na hucheka sana, na humjua kila mtu anayeingia ndani. Mama anasema watoto wa ukoo wetu huchelewa. Mjomba wangu mkubwa alitembea akiwa na miaka 2 na leo ndiye mwenye shamba kubwa kuliko wote. Nimesoma pia kwamba vipimo hivi vya mtoto kukaa na kusimama vimetokana na watoto wa Ulaya, ambao hawabebwi mgongoni kama wetu. Nimeshasaini barua ya kukubali ufadhili, nimeshapewa ruhusa ya masomo na mwajiri, na nimeshamwambia kila mtu. Sioni kwa nini jambo la kukaa liingizwe hapa.

Muuguzi wa Zamu:

Linaingia kwa sababu ndilo jambo lenyewe, dada. Vipimo ninavyovitumia mimi havikutoka Ulaya peke yake. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya watoto waliofuatiliwa katika nchi tano, nazo ni Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Na wale wa Ghana walibebwa mgongoni kama wako. Kutembea kulitofautiana sana, kuanzia miezi 8 hadi karibu 18, na wapo watoto wazima kabisa ambao hawakutambaa kamwe. Lakini kukaa bila kuegemea, kufikia miezi 9 na kidogo karibu wote walikuwa wameweza. Kwa hiyo ungeniambia kwamba hatembei, ningekwambia usubiri. Kwa kuwa umeniambia kwamba hakai, nakwambia usisubiri. Na bado hujanijibu habari za mikono na za kulia.

Hakimu wa Jamvi:

Naomba niingilie kati kabla watu hawajaendelea kumwaga machozi. Uzi huu nina shaka nao. Mwandishi anasema mtoto ana miezi 11, halafu anasema jana alimpeleka kuchoma surua. Kila mzazi wa Tanzania anajua kwamba dozi ya kwanza ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Miezi 11 imetoka wapi? Mtu msomi, mtumishi wa serikali anayewahimiza wakulima wafuate kalenda ya shamba, anakosaje kujua kalenda ya mwanawe? Tumeshaona nyuzi za namna hii, zinaanza na mtoto mgonjwa, zinaishia na namba ya simu ya kuchangia matibabu. Mwenye masikio na asikie.

Msafiri wa Kusini:

Kwa kweli hata mimi nimerudi kusoma upya, na hilo la surua sikuliona. Kama ni hadithi, basi nimeanika habari za binti yangu bure.

Mkulima wa Tandahimba:

Mimi sijui habari za kalenda za sindano, ila najua anayejua mikorosho na asiyejua. Aliyesema ubwiri unga unaunguza maua amesimama chini ya mti, hakusoma mahali. Hajaomba hata senti, basi tumwache ajibu.

Lakini binti, kama kweli wewe ni bibi shamba wetu, nikukumbushe maneno yenu wenyewe. Kila mwaka mnakuja kutuambia tusisubiri ua liungue ndipo tutafute salfa, kwamba mkulima apite shambani mapema, ainamishe tawi, atazame machipukizi. Mtoto naye apitiwe mapema.

Binti wa Kitangari:

Hakimu, si hadithi, na sitaomba mchango wa mtu. Nitaeleza, kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Kliniki ya miezi 9 sikwenda. Siku ile nilimvika gauni la njano, nikachukua kadi, nikafika hadi getini, nikaona wamama wamekaa kwenye benchi na watoto wa rika lake wamekaa sakafuni wenyewe, mmoja anatafuna kifuniko cha chupa. Wangu nilikuwa nimembeba shingo yake ikiwa mkononi mwangu. Nilijua muuguzi atauliza. Nikageuka nikarudi nyumbani, na mume wangu nikamwambia kwamba dawa ilikuwa imekwisha. Nilifanya hivyo mwezi uliofuata pia. Jana nilikwenda kwa sababu nilihitaji kadi iliyojazwa kabla ya kumpeleka kwa mama, na nilimchagua muuguzi aliyekuwa na foleni ndefu ili asipate nafasi ya kuniuliza.

Siku ya kuzaliwa hakulia palepale. Uchungu ulikuwa mrefu, usiku mzima na nusu ya siku, na alipotoka walimpuliza hewa kwa mpira na barakoa hadi akatoa sauti ndogo kama ya paka. Mkono wake wa kulia hukunja ngumi, kidole gumba kikiwa ndani. Nikimnyanyua kwa kwapa miguu hukaza na kupishana kama mkasi. Mume wangu hajui kama hilo lina maana, kwa kuwa akija mimi ndiye ninayembeba.

Sababu ya kutaka kumwacha kwa mama haikuwa baridi. Niliogopa kwamba daktari wa kule atamtazama na kuniambia jambo ambalo hapa hakuna mtu amenilazimisha kulisikia.

Muuguzi wa Zamu:

Ahsante kwa kusema, na pole sana. Mimi si daktari na siwezi kutaja ugonjwa kwa maandishi. Mtu yeyote atakayekutajia ugonjwa hapa, usimsikilize. Ninachojua ni kwamba mtoto aliyekawia kulia, ambaye miezi 11 hakai, mkono mmoja umekunja ngumi na miguu inakaza, anatakiwa kuonwa na daktari wa watoto wiki hii na kuanza mazoezi ya viungo mara atakapoelekezwa. Ubongo wa mtoto mdogo hujifunza kwa kasi ambayo baadaye hupungua, kwa hiyo kila mwezi una thamani. Mtwara tuna hospitali ya Ligula na hospitali ya rufaa ya kanda kule Mitengo, na ukiwa upande wa Masasi ipo Ndanda. Chukua kadi, na uandike kwenye daftari uliyotuambia hapa, neno kwa neno, kwa sababu mbele ya daktari mama husahau.

Shubiri acha kwa sasa. Mtoto anayepata shida ya misuli, mara nyingi na kumeza humpa shida, na ziwa lako bado ni chakula chake.

Kuhusu Ujerumani sikuambii uende wala usiende. Waandikie wafadhili mapema uwaeleze hali na uwaulize wanaruhusu nini, badala ya kujijibia wewe. Lakini kwanza mwambie baba yake, leo.

Hakimu wa Jamvi:

Dada, naomba radhi mbele ya watu wote. Niliona tarehe haiendani, na kweli haikuendana, ila sababu yake sikuidhania. Nimewahi kutapeliwa kwa hadithi ya mtoto, ndiyo maana ulimi wangu ulitangulia.

Mama Mapacha wa Ruangwa:

Nami naondoa maneno yangu kwamba inawezekana tu kwa sababu mimi niliweza. Mmoja wa pacha wangu alichelewa kusema, na najua namna mama anavyojifunza kupita njia ya nyuma ili asikutane na majirani.

Binti wa Kitangari:

Nimempigia baba yake usiku. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika, kisha akauliza mkono gani. Nikamwambia wa kulia. Akasema alikuwa ameona tangu Idi, naye aliogopa kuniuliza.

Atapanda basi kesho kutoka Lindi. Mjomba amesema hatuwezi kwenda hospitali bila yeye, kwa hiyo Jumatatu alfajiri tutakuwa watu wanne kwenye gari la Mtwara. Barua ya wafadhili nimeianza, sijaimaliza. Shubiri nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, lakini mtoto bado hunusa kwanza kabla hajakubali. Muuguzi, je, atasahau?

Muuguzi wa Zamu:

Atasahau. Mpe siku mbili tatu, umnyonyeshe akiwa na usingizi. Na Jumatatu wahini foleni, mfike kabla ya saa 2 asubuhi.