Mazoezi ya wawili karibu na wavu katika pikoboli (pickleball), mchezo wa vibao unaofanana na tenisi

Swali: Habari zenu wanamichezo. Mimi na mwenzangu tunapofika karibu na wavu, ama mpira hupita katikati yetu, ama tunaupiga juu mno na wapinzani wanatuadhibu kwa kuupiga kwa nguvu. Tukiwa wawili tu uwanjani, tufanye mazoezi gani?

Jibu: Ndugu, simameni mkitazamana, kila mmoja nyuma ya mstari wa eneo lisiloruhusiwa kupigia mpira hewani, ambalo lina kina cha mita 2.13 kila upande, kisha mpigiane mipira laini inayodunda ndani yake. Anzeni kwa mshazari, kwa sababu njia hiyo ni ndefu zaidi na mpira huvuka katikati ya wavu, ambako kimo ni takriban sentimita 86 badala ya 91 za pembeni. Msikaze kibao, mara nyingi mkono uliokaza ndio unaourusha mpira juu.

Jibu: Kuhusu mpira wa katikati, kubalianeni kabla ya mchezo. Kama nyote mnatumia mkono wa kulia, kwa kawaida huuchukua aliye kushoto, naye atamke “wangu” mapema. Kunyamaza ndiko kunakowaponza wengi, kuliko hata udhaifu wa mikono.

Muuliza swali: Ahsanteni. Je, nikiupiga hewani nikiwa nje ya eneo, kisha nikavutwa ndani na kasi yangu?

Jibu: Hilo ni kosa, hata kama mpira umekwisha kufa, yaani mchezo wa pointi hiyo umekwisha. Mpira ukidunda kwanza, ingia bila hofu, upige, kisha urudi nyuma ya mstari haraka.